Kibao cha Mnara wa Taa

Kilimatinde, 12 Agosti 2023

Mjomba Benjamin,

Shikamoo. Huku kwetu hatujambo. Kiangazi kimekausha bomba la shule, tunachota maji kisimani pamoja na wanafunzi, lakini hakuna aliyelala kitandani kwa ugonjwa. Mwanangu mkubwa ameota meno mapya ya mbele na anataka babu yake wa Mitundu ayaone. Mama Faith anaendeleaje na mguu? Dawa ile ya kuchua nitamletea mwenyewe likizo ikifika. Ningepiga simu, ila najua masikio yako na simu hayapatani, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa lori la alizeti anayekuja huko kesho.

Mjomba, nimefika kwenu. Tuliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Iramba kuona Ziwa Kitangiri, na nikaomba tupitie kwenye mnara wa taa. Marehemu mama aliniambia mambo mawili tu kuhusu utoto wake: kwamba baba yake, mzee Isaka, ndiye aliyekuwa akiwasha taa ya mnara ule, na kwamba alifia ziwani. Basi njiani nikawaambia wanafunzi, kwa majivuno kabisa, "Mnara mtakaouona, taa yake ilikuwa mikononi mwa babu yangu."

Wameukarabati. Mawe yamepakwa chokaa, ngazi ya chuma imefungwa upya, na kile chumba cha vioo cha juu kinang'aa. Nilipanda hadi juu. Ziwa lilikuwa limetulia, wavuvi wanaonekana wadogo kama vijiti. Nilimkumbuka mama, nikafurahi.

Tuliposhuka, kijana anayeongoza wageni, anaitwa Gerald, akatukusanya mbele ya kibao kikubwa na kuanza kusimulia. Mnara ulijengwa na wakoloni kwa ajili ya boti ya chumvi na samaki. Sawa. Baada ya Uhuru ukashikwa na chama cha wavuvi. Sawa. Halafu akasema, "Mwaka 1973 mtunza taa, mtu mmoja aitwaye Isaka, alilewa pombe ya mtama akalala. Taa haikuwashwa. Boti iliyotoka ng'ambo na watu wa harusi ikapigwa na dhoruba, ikapasuka kwenye miamba. Watu wengi wangekufa kama si mzee Bonaventura, bwana stoo wa chama, aliyewasha moto mkubwa ufukweni ukawaongoza. Isaka alipozinduka akatoroka. Wananchi wenye hasira wakachoma nyumba yake."

Wanafunzi wangu wote wakageuka kunitazama mimi.

Na si maneno ya Gerald tu. Yameandikwa kwenye kibao, kwa rangi ya bluu, na jina la babu limewekwa pale. Nimerudi na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Niambie, mjomba. Ulikuwepo. Ni kweli?

Mpwa wako,
Luciana

Mitundu, 30 Septemba 2023

Kwako Luciana,

Marahaba. Sisi tupo. Mguu wa mama Faith unakuja na kuondoka. Mizinga saba imejaa asali, miwili nyuki wamehama, sijui walichokichukia. Mwambie mwanao meno hayo ayapige mswaki.

Barua yako nimeipata zamani kidogo. Nilikuwa porini.

Kuhusu mnara, achana nao. Watu wa kule waliamua kuzungumza walivyotaka kabla wewe hujazaliwa. Huwezi kwenda kufundisha ziwa zima. Una watoto wako wa kufundisha.

Debe moja la asali litakuja na dereva huyohuyo.

Mjomba wako,
Benjamin

Kilimatinde, 15 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Asali imefika, tunashukuru, watoto wanailamba bila hata mkate. Huku mawingu yanakuja mchana na kuondoka jioni. Mchungaji wetu wa zamani amefariki, tumemzika Jumanne.

Nisamehe nitakayoyaandika, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini "achana nao" si jibu. Nilikuuliza kama ni kweli. Kama babu alilewa, niambie alilewa, nitanyamaza na kuibeba aibu yake kama mjukuu. Kama si kweli, unakaaje na mizinga yako wakati watu wanalipia kiingilio kwenda kusikia baba yako akitukanwa?

Sikungoja jibu jingine kutoka kwako. Jumamosi nilikwenda tena ziwani, nikamtafuta mwenyekiti wa kamati ya mnara. Anaitwa Ignas. Alinipokea vizuri, akaagiza chai. Nikamwambia, "Mzee, mimi ni mjukuu wa Isaka mliyemwandika pale nje. Nani aliwaambia alikuwa mlevi?"

Akasema, "Mwalimu, hiyo ni historia. Kila mtu hapa anaijua."

"Kila mtu aliyekuwepo, au kila mtu aliyesimuliwa?"

"Mimi nimesimuliwa na baba yangu mwenyewe."

"Baba yako ni nani?"

Akatabasamu, akaelekeza kidole dirishani, kule kwenye kibao. Mjomba, Ignas ni mtoto wa Bonaventura! Mtoto ndiye mwenyekiti, baba ndiye shujaa, na babu yangu ndiye wa kutupiwa uchafu. Nikamwambia afute jina la babu mpaka ukweli ujulikane. Akasema kibao kimeshazinduliwa na wageni wa heshima, hakifutwi kwa sababu mwalimu mmoja amekasirika. "Leta shahidi," akasema. "Kama huna shahidi, kunywa chai yako."

Sikuinywa. Shahidi ninaye, yuko Mitundu, anajifanya yuko porini.

Luciana

Mitundu, 21 Januari 2024

Kwako Luciana,

Marahaba. Mwaka mpya uwe na heri kwenu. Mvua zimeshika vizuri, mahindi yamefika kiunoni. Mama Faith alisoma barua yako ya mwisho, akaikunja, akaiweka juu ya sahani yangu badala ya chakula. Ndiyo maana naandika.

Unasema najificha. Nisikilize basi.

Baba hakulewa. Pombe alikuwa hanywi, tumbo lake lilikuwa linaikataa. Taa haikuwashwa kwa sababu mafuta ya taa hayakuwepo. Mafuta yalikuwa yanatunzwa stoo, na funguo za stoo zilikuwa kwa Bonaventura peke yake. Wiki hiyo baba alikwenda kuomba mafuta mara kwa mara, akijibiwa yamekwisha, subiri. Siku moja nilifuatana naye. Bonaventura akatuambia pale mlangoni kwamba hakuna hata tone. Tulipozunguka nyuma ya stoo tukakuta pipa linaviringishwa kwenda kwenye gari la mfanyabiashara wa mjini. Baba aliliona. Mimi niliona. Pipa lilikuwa zito, watu wawili walikuwa wanalisukuma kwa mabega. Baba alinishika mkono tukaenda nyumbani.

Siku ya boti ya harusi, mchana, baba akasema hawezi kukaa na taa tupu wakati anajua watu watarudi jioni. Akavaa koti lake la kaki, akachukua dumu na mtumbwi wa jirani, akavuka kwenda ng'ambo kuazima mafuta kwa wavuvi wa kule. Mimi ndiye niliyeusukuma mtumbwi majini. Akaniambia, "Kabla ya magharibi nitakuwa hapa. Safisha vioo." Nikapanda nikavisafisha.

Upepo ulianza alasiri. Baba hakurudi.

Kesho yake waliitisha mkutano. Bonaventura akasimama akasema mtunza taa alikuwa amelewa, na sasa ametoroka kwa kuogopa. Nikanyoosha mkono kama tulivyofundishwa shuleni. Nikasema hapana, baba amekwenda kutafuta mafuta, kwa sababu mafuta yetu yaliuzwa, pipa tumeliona. Bonaventura akanijia pale nilipo akanizaba kofi mbele ya watu wote. Nikaanguka. Hakuna aliyeniinua isipokuwa mama. Mama naye akasema yale niliyosema, wakamwambia mwanamke lazima amtetee mumewe.

Kwa hiyo usinifundishe kusema, Luciana. Nilishasema. Hicho kibao chenu cha rangi ya bluu kimekuja juzi tu, mimi changu nilipewa shavuni mwaka huo huo, na sikio la upande ule ndilo lililotangulia kufa.

Mama alitufungia vitu vichache, akambeba mama yako mgongoni, tukaja huku kwa kaka yake. Akasema, "Sitaomba kuaminiwa." Nami sikurudi tena, sitarudi.

Habari za nyumba kuchomwa usiniulize. Hapo mkono unakataa.

Benjamin

Kilimatinde, 9 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa chumba cha walimu, ikabidi nitoke nje. Nisamehe kwa yale niliyokuandikia. Sikujua habari ya kofi. Mama naye hakuwahi kuniambia, nadhani alikuwa mdogo mno kuikumbuka.

Watoto wazima. Mdogo alipata malaria, amepona, sasa anakula kuliko sisi sote.

Nyumba sikuulizi. Lakini kuna mtu amenisimulia bila mimi kumwuliza, na siwezi kukuficha.

Gerald, yule kijana wa mnarani, alinitafuta kwa simu. Nafikiri amekuwa na soni tangu siku ile wanafunzi waliponitazama. Akasema, "Mwalimu, mwaka jana kuna mama mzee wa Manyoni alikuja na wajukuu zake. Nilipofika kwenye habari ya moto alinikatiza, akaniambia mimi mwongo, akaondoka analia. Nilidhani amechanganyikiwa. Sasa sina hakika." Akanipa jina: Editha, anakaa jirani na stesheni.

Nilikwenda. Ni mama mwembamba, anatembea na fimbo lakini sauti yake inajaza nyumba. Nilipojitambulisha kuwa mjukuu wa mtunza taa, aliweka chini ungo aliokuwa akichagulia maharage, akasema, "Karibu ndani. Nimewangoja nyinyi mpaka nikakata tamaa."

Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Tulikuwa tumetoka kwenye harusi ya dada yangu. Boti ilipopasuka mimi nilishika ubao. Giza lilikuwa limeingia, sijui ufukwe uko wapi, nameza maji. Mara nikaona moto. Si moto wa kuni, binti yangu. Ulikuwa moto mkubwa umesimama, na nilipoukaribia nikaona ni nyumba. Paa lote la nyasi linawaka, na miguu yangu ikagusa mchanga. Kulikuwa na mwanamke amesimama mbele ya maji, mtoto mgongoni. Nyuma yake vyungu na gunia la mtama vimetolewa nje. Akanivuta kwa mikono miwili. Nikamwambia, mama, nyumba inaungua, mbona huzimi? Akasema, nimeichoma mimi. Halafu akaniuliza, huko majini hukumwona mwanamume amevaa koti la kaki? Nikasema sikumwona. Akaniacha, akaingia tena majini kumvuta mwingine. Na huyo naye nikasikia anamwuliza hivyohivyo. Kila aliyetoka alimwuliza."

Mjomba, hakuna wananchi wenye hasira waliochoma nyumba yenu. Bibi Emiliana aliichoma kwa mkono wake ili watu waone pa kufikia, na Bonaventura akauchukua moto huo akaufanya wake. Waliiba mafuta, wakaliiba jina la babu, wakaiba na nyumba iliyoungua! Kuna wezi wa aina gani wanaoiba hata majivu?

Nilimwuliza mama Editha kwa nini hakusema wakati ule. Akasema alilala hospitali kwa muda mrefu, alipopona akarudi kumshukuru yule mwanamke, akaambiwa familia imeondoka na mume ni mtoro. Alibishana nao, wakamwambia alikuwa na homa, hakuona vizuri.

Mkutano wa kijiji ni mwezi wa sita. Nimemwandikia Ignas rasmi kwamba tutakuja. Mama Editha amekubali. Mimi nitakuwepo. Wewe fanya unavyoona.

Luciana

Mitundu, 2 Aprili 2024

Luciana,

Marahaba.

Usiku ule wa moto nilikuwa nimeshika kamba za mbuzi wetu wawili, upande wa nyuma ya nyumba, mama aliniambia nisiwaachie. Kwa hiyo ufukweni sikuwepo. Nilisikia tu sauti yake, ikimwita baba kwa jina kuelekea ziwani, mpaka ikakauka. Hiyo ndiyo niliyoshindwa kukuandikia. Sikujua kwamba alimwuliza kila mtu.

Mama Faith anasema nimekaa na barua yako siku nyingi bila kunyoa. Mahindi yanakomaa, atawasimamia vibarua yeye.

Nitakuja. Huyo mama Editha asiende peke yake.

Benjamin

Ziwani Kitangiri, 23 Juni 2024

Mpwa wangu Luciana,

Habari za tangu tulipoachana? Natumaini mlifika salama Kilimatinde, na mama Editha alifika kwake bila kuchoka sana. Mimi sijaondoka. Nimepata chumba kwa mjane mmoja hapa, ananipikia samaki mpaka nimeanza kunenepa. Mama Faith nimempelekea ujumbe.

Umeondoka jioni ileile kwa ajili ya mitihani, kwa hiyo hujui yaliyofuata. Uliyoyaona sina haja ya kukusimulia, ila nayarudia moyoni kila siku. Namna Ignas alivyosimama mbele ya kijiji kizima na kusema kwa upole, "Wazee wangu, tusigombane. Tutaongeza mstari chini ya kibao, tuandike: wengine wanasema moto uliwashwa na mke wa mtunza taa." Na watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali, kana kwamba ametoa zawadi.

Nilidhani ningeshindwa kusimama. Lakini nilisimama, wewe ni shahidi, nikasema, "Mama yangu si wengine wanasema. Mama yangu ni Emiliana. Aliichoma nyumba yake pale, penye lile shamba la alizeti. Pale." Halafu mama Editha hata hakungoja kupewa nafasi. "Niulizeni mimi! Nyinyi mmesimuliwa. Mimi nilikuwa ndani ya maji!"

Ukaondoka ukidhani tumeshindwa kwa sababu Ignas alisema kamati itakaa. Baada ya gari lenu kuondoka, kuna mzee mmoja alinyanyuka nyuma kabisa, simfahamu, labda tulicheza naye utotoni. Hakuzungumza na mimi. Alimwuliza Ignas, "Baba yako alikuwa na funguo. Mafuta yalikwenda wapi?"

Ignas akaanza kukusanya karatasi zake. Yule mzee akarudia, "Tumekaa na swali hili miaka yote kwa kumwogopa baba yako. Amekufa. Yalikwenda wapi?" Na mwanamke mwingine naye akauliza. Na mwingine. Ignas akachukua kofia yake akaondoka, mkutano ukafungwa bila kufungwa.

Asubuhi nilimkuta Gerald anakifungua kibao kwa spana, boliti moja baada ya nyingine. Nikamwuliza nani amemtuma. Akasema, "Hakuna. Lakini mimi ndiye ninayesimama hapa kusema, na siwezi tena kuyasema haya." Amekiweka stoo, uso ukutani. Kamati inamtishia kumfukuza. Nimewaambia wakimfukuza yeye, waje wanifukuze na mimi pia.

Ignas alikuja kwangu siku ya tatu. Usifikiri alikuja kuomba radhi. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee, baba yangu alikuwa mtu mzuri kwangu." Nikamjibu, "Wangu pia." Sikumkaribisha kukaa. Pengine wewe ungemkaribisha. Mimi bado nina hasira, Luciana, na sioni sababu ya kuificha ili yeye alale vizuri. Kibao kipya hakijaandikwa, wanabishania maneno, na nimewaambia sitaondoka mpaka niyasome kwa macho yangu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya kibao.

Kuna jambo ambalo hukuwahi kuniuliza, na mama yako pia hakuwahi. Hatukumlilia baba. Mtu akifa analiliwa, mtu akitoroka haliliwi. Mama alikataa kuvaa kitambaa cheusi huku watu wakisema mumewe yuko hai mahali fulani anakunywa. Akasema siku watakayokubali kwamba amekufa, ndiyo siku tutakayomlilia. Akafa yeye kabla. Mama yako naye akafa.

Nimebaki mimi. Nimekwenda kwa mwenye shamba la alizeti, amekubali kutuachia kipande cha mbele kinachotazama maji, mavuno yameshapita. Yule mzee wa mkutanoni ameleta turubai bila kuombwa. Mjane wa hapa na wenzake wamesema kupika ni juu yao. Wanawake hao wote walikua wakiambiwa baba yangu ni mlevi, na jana walikuja kuniuliza jina lake kamili ili walitaje vizuri.

Matanga ni Jumamosi ya wiki ijayo. Njoo na mumeo na watoto. Mpitie mama Editha pale stesheni, mwambie kiti chake kitakuwa cha mbele. Njoo, mpwa wangu, tumlilie baba yangu kwa sauti, hapa hapa kwao, wakisikia.

Mjomba wako,
Benjamin, mtoto wa Isaka na Emiliana